Mwendo wa Kampeni: Maneno kwa Anayeendesha Mchezo wa Uhusika kwa Mara ya Kwanza

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Mada yetu ni mwendo wa kampeni katika michezo ya uhusika ya mezani, yaani michezo ambayo kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na mmoja wao, mwendesha mchezo, anasimulia yanayofuata. Kampeni ni hadithi moja inayochezwa kwa vikao kadhaa. Maneno haya nayaelekeza kwa yule ambaye bado hajaendesha hata kikao kimoja: kanuni amezisoma, marafiki wanne wamekubali kucheza, na sasa anajiuliza aanzie wapi na afike wapi. Mifano yangu itatoka kwenye Dungeons & Dragons, kwa kuwa ndiyo wengi humu mnayo mkononi. Mchezo huo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo lake la tano zimo chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuzipakua bure, kuzichapa, hata kuzitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya meza yako, mradi utaje zilikotoka. Hesabu nitakazozitoa ni za toleo hilo kama lilivyotoka mwaka 2014.

Bibi anayeita "Paukwa" akaitikiwa "Pakawa" ameushika mwendo wote yeye mwenyewe. Akitaka, ataruka miaka saba kwa pumzi moja. Akitaka, ataurudia wimbo wa ndege mara tatu. Mwendesha mchezo hana uhuru huo, maana hadithi yake haisogei mpaka mchezaji aseme mhusika wake anafanya nini. Kwa hiyo kipimo cha mwendo mezani ni muda unaopita kati ya uamuzi mmoja wa wachezaji na uamuzi unaofuata. Muda huo ukirefuka, simu zinatoka mifukoni. Ukiwa mfupi mno, watu wanajibu ovyo bila kufikiri. Karibu kila nitakalosema leo ni namna ya kuulinda muda huo.

Tuanze na urefu wa kampeni yenyewe. Ya kwanza iwe ya vikao sita, na wachezaji waambiwe hivyo tangu mwanzo. Mkikutana kila baada ya wiki mbili, vikao sita ni miezi mitatu, na mtu mwenye kazi na familia anaweza kuahidi miezi mitatu kwa moyo mweupe. Hawezi kuahidi miaka miwili, hata akisema anaweza. Kubalianeni pia kwamba watatu kati ya wanne wakifika, mnacheza. Asiyefika, mhusika wake amebaki kulinda mashua. Kampeni nyingi hufia kwenye kuahirisha. Mkipitisha wiki nne bila kukutana, watu wanasahau majina, wanasahau walikuwa wanamfuata nani, na kikao kizima kinaishia kwenye kukumbushana.

Sasa tuwe na mfano mmoja tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Mji wa bandari wa kubuni, upande huu wetu wa bahari. Siwa ya mji, ile baragumu kubwa ya heshima, imeibwa, na bila kupigwa siwa mtawala mpya hawezi kutawazwa. Walioiiba wameificha ghalani, na jahazi litakaloipeleka mbali linangoja upepo wa kusi liende kaskazini. Hivi sasa bado inavuma kaskazi. Basi. Hadithi nzima imetoshea kwenye sentensi nne, na ndani yake kuna kitu wachezaji wanakitaka, kuna anayewazuia, na kuna muda unaokwisha. Mwendesha mgeni huwa anaandika kurasa thelathini za historia ya ufalme, kisha anatumia saa nzima ya kwanza kuzisoma. Katika saa hiyo wachezaji hawajaamua lolote. Historia ya ufalme waipate kidogo kidogo, kwa kuuliza.

Kikao chenyewe kihesabiwe kwa dakika. Tuseme mna saa tatu, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Robo saa ya kwanza itakwenda kwenye salamu, chai na kutafuta penseli. Sala ya Alasiri inaangukia katikati; ifanyeni ndiyo mapumziko yenu, dakika kumi na tano. Dakika kumi za mwisho ziacheni kwa ajili ya kufunga. Zimebaki dakika 140. Pambano moja la kawaida linakula dakika 40 hadi 60. Kwa hiyo kikao kinabeba pambano moja na matukio manne ya mazungumzo au upelelezi, au mapambano mawili na matukio mawili. Anayeandaa mapambano matano kwa kikao kimoja anajiandalia fadhaa, kwa sababu saa tisa na nusu atakuwa bado kwenye la kwanza, na ataanza kuwaburuza watu.

Hapo kwenye mapambano nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo mwendo unapokwama zaidi kwa wageni.

Raundi moja, yaani kila aliye kwenye pambano akipata zamu moja, kwenye kanuni ni sekunde sita za ndani ya hadithi. Pambano la raundi nne ni sekunde 24. Mezani hesabu ni nyingine kabisa. Wachezaji wanne, kila mmoja dakika mbili kwa zamu yake, ni dakika nane. Vibwengo wanne, ambao tuseme ndio maadui wao, nusu dakika kila mmoja, ni dakika mbili. Raundi moja, dakika kumi. Raundi nne, dakika arubaini. Na hao ni wachezaji waliozoea. Wageni wanatumia dakika nne kwa zamu, na mwendesha mgeni dakika nzima kwa kila kibwengo, na pambano lile lile linafika dakika 80. Aliyemaliza zamu yake anangoja dakika kumi na sita kabla ya kuulizwa tena neno lolote. Huyo si mtovu wa adabu akichukua simu.

Dawa zake zinajulikana, na zote ni ndogo. Kwanza, vibwengo wote wapigiwe dadu moja ya mpangilio wa zamu, waende pamoja. Kanuni zenyewe zinasema hivyo kwa viumbe wa aina moja. Pili, madhara yao usiyapigie dadu: kitabu kimeandika wastani, kwa kibwengo ni 5, tumia huo. Tatu, mchezaji arushe dadu ya pande ishirini, ile inayoamua kama pigo limepata, pamoja na dadu ya madhara kwa mkupuo mmoja. Akikosa, ile ya madhara haisomwi. Nne, taja zamu mbili kwa pamoja: "Asha, zamu yako; Juma, jiandae." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayomtoa Juma kwenye simu. Tano, waambieni kabla ya mchezo, siyo katikati, kwamba atakayeshindwa kuamua kwa nusu dakika mhusika wake atakuwa anajikinga tu kwa raundi hiyo. Ukishasema hivyo, mara chache utalazimika kuitumia.

Kuna jambo la sita ambalo wageni hawalioni, nalo ni hesabu ya kukosa. Kibwengo wa kitabuni ana kinga 15, yaani namba ambayo pigo lazima liifikie ndipo limpate, na uhai 7, yaani kiasi cha madhara kinachomwangusha. Mhusika wa ngazi ya kwanza kwa kawaida anaongeza 5 kwenye dadu yake, kwa hiyo anahitaji kupata 10 au zaidi: nafasi 11 kati ya 20. Yaani zamu tisa kati ya ishirini hazizai kitu. Mtu kangoja, kapiga, kakosa, anangoja tena. Punguza kinga ya vibwengo iwe 13, na nafasi zinakuwa 13 kati ya 20. Pambano linafupika, na wachezaji wanaona matunda ya uamuzi wao. Hili silichukulii kuwa upendeleo kwa wachezaji, kwa sababu na wao wako hatarini kuliko unavyodhani. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai wa 8 hivi. Mapigo mawili ya wastani ya kibwengo ni 10. Ameanguka, na huenda ni raundi ya kwanza.

Ndiyo maana idadi ya maadui kwenye pambano la kwanza nawasihi iwe ndogo. Kwa hesabu za kitabu, vibwengo wanne dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya kwanza tayari ni pambano la kuua. Watatu ni gumu. Anza na wawili, na wa tatu mweke nyuma ya mlango. Mambo yakiwa mepesi, anaingia raundi ya pili akipiga kelele. Kuongeza adui ni rahisi na kunasisimua. Kumwondoa adui aliyekwisha kuonekana kunawafanya wachezaji wahisi wamehurumiwa.

Na pambano likatwe likishaamuliwa. Vibwengo wamebaki wawili kati ya sita, wachezaji wote wamesimama: kila mtu anajua nani kashinda. Ukiendelea, unapoteza robo saa kuthibitisha lisilo na shaka. Sema, "Waliobaki wanatupa silaha na kukimbilia mikokoni. Mnawafuata au mnaingia ghalani?" Umepata uamuzi mpya papo hapo, tena mzuri kuliko ule wa kupiga kibwengo mwenye uhai 2.

Ngazi za wahusika nazo ni mwendo. Kanuni zinatoa pointi za uzoefu: kibwengo mmoja ni pointi 50, na kila mhusika anahitaji 300 kuingia ngazi ya pili. Watu wanne, pointi 1,200, ni vibwengo 24. Kwa vibwengo watatu kila pambano hayo ni mapambano manane, na hata yakiwa ya dakika arubaini ni zaidi ya saa tano za kurusha dadu kabla ya mtu kupanda. Kampeni ya vikao sita haina muda huo. Achaneni na pointi, pandisheni ngazi kwa hatua za hadithi: ya pili mwisho wa kikao cha kwanza, ya tatu mwisho wa kikao cha tatu, kisha mbaki hapo mpaka mwisho. Ngazi ya tatu inafaa kukaa kwa sababu hapo kila taaluma ya mhusika, kama ile ya mchawi, imeshachagua tawi lake, na mchezaji anapata vikao vitatu vya kuujua uwezo wake kabla hajaongezewa mwingine. Kupanda ngazi kufanyike kati ya vikao, nyumbani. Mkifanya mezani, nusu saa imekwenda.

Sasa pumziko refu. Kanuni zinasema wahusika wakipumzika kwa muda wa saa nane wanarudishiwa uhai wote na uganga wote. Wachezaji werevu wataona hilo mapema: wanapigana mara moja, wanapiga kambi, wanaamka wazima, wanapigana mara moja tena. Hatari imekwisha, na hakuna tena anayejiuliza kama inafaa kutumia uganga sasa au baadaye. Kitabu cha mwendesha mchezo kimekadiria mapambano sita hadi manane ya kati au magumu kwa siku moja ya hadithi, jambo ambalo kwenye vikao vya saa tatu haliwezekani bila siku moja kuchukua vikao vitatu au vinne. Usijaribu kulifikia. Fanya kulala kuwe na bei.

Bei hiyo iwekeni mezani, ionekane. Chora duara kwenye karatasi, ligawe vipande sita. Hilo ndilo upepo. Unapaka kipande kimoja kila wachezaji wanapochukua pumziko refu, kila wanaposhindwa kwa kishindo hadharani, na kila kikao kinapoisha bila kuisogelea siwa. Vipande viwili vikijaa, jahazi linaanza kupakia boriti na maji ya kunywa. Vinne: kaskazi imelegea, ni maleleji, nahodha anakagua tanga. Sita: kusi imeingia na jahazi limeng'oa nanga. Usimfiche mchezaji duara hilo. Anapouliza, "Tulale?" na wote wakageuza macho kwenye karatasi, umepata uamuzi wenye uzito bila wewe kusema neno. Na uandike mapema kitakachotokea likijaa, kwa sababu kampeni isife hapo: mchezo unahamia baharini, kwenye mashua ndogo inayofukuza jahazi kubwa, na kazi imekuwa ngumu zaidi.

Upelelezi unakwama kwa sababu moja karibu kila mara. Mwendesha kaweka dalili moja, na kaifungia nyuma ya dadu moja. Dadu ikikataa, hadithi imesimama, na saa nzima inapotea watu wakipekua kila kona. Kwa kila jambo ambalo lazima lijulikane, weka dalili tatu sehemu tatu, zote zikielekea mahali pamoja. Siwa iko kwenye ghala la boriti. Msaidizi wa mpiga siwa kalipa madeni yake yote ghafla. Seremala aliagizwa sanduku refu kupita kimo cha mtu, ndani limejazwa sufi. Mvuvi aliona mtumbwi umefungwa kwenye ngazi za ghala usiku wa maji ya bamvua, wakati siku nyingine maji hayafiki pale. Wachezaji wakikosa mbili, ya tatu inatosha; wakizipata zote, wanajiona mahiri, na wana haki.

Tutazame tukio la seremala kwa karibu, namna linavyoanza na kuisha. Juu ya kadi yako umeandika swali moja: je, watajua sanduku lilipelekwa wapi? Hauanzi na safari ya kwenda kwake, wala hodi. Unaanza: "Randa imesimama. Fundi anawatazama, halafu anaitazama sakafu, pale penye nyuzi nyeupe za sufi. Mnamwambiaje?" Wanaongea, wanatoa fedha, wanatisha, wanadanganya, vyovyote. Mnapiga dadu. Wakishinda, anasema. Wakishindwa, bado anasema, ila kijana wake ametoka mbio kwa mlango wa nyuma kwenda kuwaonya wezi, nawe unapaka kipande cha duara. Njia zote mbili hadithi imesogea. Dadu imeamua bei tu. Swali likishajibiwa, kata. Usingoje waage. "Mmefika kwenye ngazi za ghala, maji yanajaa. Nani anatangulia?"

Safari ni rahisi: sentensi tatu za mahali, uamuzi mmoja njiani, mmefika. Soko vivyo hivyo. Bei ziandikwe kwenye karatasi izunguke mezani wakati wa chai.

Kupanga mipango ni jambo jingine linalokula muda, na hapa mwendesha anatakiwa awe na jicho. Wachezaji wakijadili namna ya kuingia ghalani kwa dakika kumi huku hoja mpya zikizaliwa, waache, huo ni mchezo na ni mtamu. Hoja zikianza kujirudia, ingilia kwa upole: "Nasikia mipango miwili: kupanda paa usiku, au kujifanya wachukuzi asubuhi. Upi?" Mara nyingi wanachagua papo hapo. Wasipochagua, kitu kitokee: taa inawashwa ghalani.

Usidhani kila ukimya ni kuchoka. Mtu anayekodolea ramani bila kusema anafikiri, mpe nafasi. Anayeuliza "Tuko wapi vile?" kwa mara ya pili amekutoka. Na kuna nyakati za kupunguza mwendo kwa makusudi. Mhusika amekufa. Mpiga siwa amegundua kwamba mwizi ni mwanafunzi wake mwenyewe. Wachezaji wawili wanazungumza kwa sauti za wahusika wao na wengine wamenyamaza kuwasikiliza. Hapo weka dadu chini, usiangalie saa, usipeleke adui. Dakika ulizookoa kwenye vibwengo ulikuwa unaziweka akiba kwa ajili ya hapo.

Maandalizi yako kati ya vikao yatoshe kwenye ukurasa mmoja: tukio la kufungulia, matukio manne yanayoelekea kutokea, takwimu za viumbe watatu, na majina kumi ya watu ambayo hayajatumika. Majina nayasisitiza. Mchezaji akimuuliza mlinzi wa lango jina lake, ukababaika kwa dakika nzima, pumzi ya tukio imekatika, na kila mtu amejua kwamba mlinzi huyo si wa maana. Ukijibu hapo hapo, "Mwinyi Haji," mlinzi amekuwa mtu.

Zile dakika kumi za mwisho zina kazi moja kubwa. Uliza: "Kikao kijacho mnakwenda wapi?" Wakijibu ghalani, unaandaa ghala, huna haja ya kuandaa bandari, msitu na kisiwa. Kikao kijacho kikianza, mchezaji mmoja asimulie yaliyopita kwa dakika tatu, tofauti kila mara. Msikilize kwa makini asichokitaja: kile hakikumgusa, na pengine kilikwenda polepole mno.

Kikao cha sita kianze karibu kabisa na kilele, wachezaji wakiwa tayari kwenye ngazi za jahazi au kwenye mashua inayolifukuza. Hakikisha pambano la mwisho limekwisha nusu saa kabla ya muda wenu, maana ukilibana mpaka dakika ya mwisho watu wataondoka wakiwa bado na dadu mkononi. Nusu saa hiyo ni ya wachezaji. Kila mmoja aseme mhusika wake yuko wapi siku siwa inapopigwa, au siku inapokosa kupigwa, na amesimama karibu na nani. Wewe usiwasimulie, uliza tu na usikilize. Kisha wape vipande vya karatasi waandike majibu mawili bila majina: ni wapi palijivuta mno, na ni wapi palipita haraka kabla hawajashiba. Karatasi zote nne zikitaja pambano moja kuwa lilijivuta, rudi kwenye ile hesabu ya dakika na uikague raundi kwa raundi. Wakitaja mazungumzo ya seremala kuwa yalipita upesi, kampeni ya pili iwe na maseremala wengi kuliko vibwengo.